Jina la Mapenzi

Kila mtu ana majina ya namna mbili. La kwanza ni lile aliloandikiwa, na la pili ni lile analoitiwa na watu wake. Jina la kwanza lajulikana na karani aandikaye vizazi na vifo, na mwalimu aitaye majina asubuhi, na afisa atoaye kitambulisho kijana atimizapo miaka 18. Jina la pili aghalabu halimo katika daftari lolote. Lajulikana jikoni, uani, machungani, bwenini na kiwanjani. Likitajwa nyuma yako katika soko lenye watu wengi, wageuka upesi kuliko utajiwapo jina la kwanza, kwa sababu wajua mara moja kwamba aliyekuita si mgeni.

Jina hili la pili huitwa lakabu, neno tulilolipata katika Kiarabu. Wengine huliita jina la utani, na wengine msimbo. Mimi katika insha hii nitaliita jina la mapenzi, lakini pale tu linapostahili kuitwa hivyo. Maana si kila lakabu imezaliwa na mapenzi. Nataka wewe na mimi, msomaji, tulifikiri swali moja ambalo kwa sura ni dogo, lakini ndani yake mna heshima ya mtu. Swali lenyewe ni hili: Jina la mapenzi ni mali ya nani? Je, ni mali ya yule aliyelitunga au ya yule aliyetungiwa? Nani ana haki ya kulitamka, na nani ana haki ya kusema kwamba sasa basi, lisitamkwe tena?

Hatuwezi kulijibu swali hili vema kabla ya kutazama namna majina haya yazaliwavyo. Mengi huzaliwa na ulimi. Jina refu likiingia katika vinywa vya ndugu na marafiki hupungua kama sabuni ipunguavyo kwa kushikwa kila siku. Abdalla huwa Dula, Suleimani huwa Sele, Ramadhani huwa Rama, na Khadija huwa Dija. Kati ya Wakikuyu, Wanjiku huwa Ciku na Wanjiru huwa Ciru. Hakuna baraza lililokaa likaamua mambo haya. Mara nyingi mvunjaji wa kwanza wa jina ni ndugu mdogo ambaye ulimi wake haujakomaa. Hulitamka awezavyo, mama hucheka, baba hulirudia kwa furaha, na baada ya miezi michache nyumba nzima husahau kwamba jina lilivunjika. Kosa la mtoto mmoja huwa kanuni ya watu wazima, nao huifuata kwa hiari mpaka uzee wao.

Majina mengine huzaliwa na ukoo. Wakikuyu wana desturi ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la baba wa babake, na wa pili jina la baba wa mamake. Kadhalika mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama wa babake, na wa pili jina la mama wa mamake. Basi baba ambaye binti yake amepewa jina la mamake mzazi humwita binti huyo mama, wala hasemi hivyo kwa mzaha. Kwa Waswahili pia mzazi humwita mwanawe wa kiume baba, na wa kike mama. Mtu asiyeizoea desturi hii aweza kushangaa asikiapo mzee mwenye mvi akimwambia mtoto wa miaka mitatu, "Njoo, mama, ule." Lakini maana yake ni kubwa. Mzee yule amemwambia mtoto kwamba hakuja duniani peke yake; nyuma yake wako watu, na mbele yake iko kazi ya kuwalea hao wamleao sasa. Na bibi amwitapo mjukuu wake mume wangu, jamaa wote hucheka, lakini mjukuu hujifunza mapema kwamba iko nyumba moja ambamo uzee na utoto waweza kutaniana bila ya hofu.

Namna nyingine ni ile ya kumwita mzazi kwa jina la mwanawe: Baba Otieno, Mama Njeri, Mama Hamisi. Tumeizoea mno hata hatuioni kuwa ni lakabu. Lakini tukumbuke Mnyazi wa Menza, mwanamke wa Kigiriama. Watu wake walimwita Mekatilili, yaani mama wa Katilili, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Lilikuwa jina la nyumbani, kama maelfu mengine ya namna hiyo. Mwaka 1913 mwanamke huyo alisimama mbele ya watu wake akawataka wasikubali kutoa vijana wao wala kodi kwa serikali ya Waingereza. Akakamatwa, akahamishwa mbali na pwani. Leo wanafunzi wa Kenya husoma habari za Mekatilili katika historia, na wengi wao hawajui kwamba watajapo jina hilo wamtaja pia mtoto mmoja aliyepakatwa zamani. Jina alilopewa kwa ajili ya kulea lilimfaa katika siku ya kupigania watoto wa wenziwe.

Yako pia majina yazaliwayo na maumbile ya mwili au na jambo lililotokea siku moja. Mwimbaji mashuhuri wa Unguja, Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana ulimwenguni kwa jina la Bi Kidude. Mwenyewe alisimulia kwamba alipozaliwa alikuwa mdogo mno, ndipo jamaa wakamwita kidude, yaani kijitu kidogo. Katika habari za kale imesimuliwa kwamba Mtume Muhammad alimkuta mkwewe, Ali bin Abi Talib, amelala msikitini juu ya ardhi na vumbi limemshika mgongoni, akampangusa na kumwamsha kwa jina la Abu Turab, maana yake baba wa vumbi; na Ali akalipenda jina hilo. Sahaba mwingine aliitwa Abu Huraira, baba wa kipaka, kwa ajili ya paka wake mdogo. Na katika Injili twasoma kwamba Simoni, mvuvi, aliitwa Petro, yaani mwamba, na kwamba wana wawili wa Zebedayo waliitwa wana wa ngurumo. Hivyo hata watu ambao mamilioni huwaheshimu hawakuwa mbali na desturi hii.

Mwisho, yako majina yatokanayo na kazi au tabia. Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuiacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, na watu wakaendelea kumwita Mwalimu mpaka alipofariki mwaka 1999. Hapo jina lilitokana na jambo la kweli na kila mtu alilifahamu. Si hivyo kila mara. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara ya pembe na watumwa aliyefariki Unguja mwaka 1905, alijulikana kwa jina la Tippu Tip. Yeye mwenyewe alisema kwamba jina hilo ni mlio wa bunduki zake. Wengine walisema kwamba aliitwa hivyo kwa sababu ya kupepesa macho. Angalia tofauti! Kwa mdomo wa mwenyewe jina ni sifa ya nguvu. Kwa midomo ya wengine ni dosari ya kope. Jambo hili latufundisha kwamba asili ya lakabu hutegemea sana ni nani asimuliaye.

Tumeona sasa kwamba majina haya huzaliwa na vitu vya namna nyingi: ulimi, ukoo, uzazi, mwili, tukio na kazi. Lakini hakuna hata kimoja katika vitu hivyo ambacho chenyewe ni mapenzi. Udogo wa mwili waweza kuzaa jina la kubembeleza, na waweza kuzaa jina la kudharau. Ni nini basi kitengacho moja na jingine?

Wazee wetu walisema: Akipenda, chongo huita kengeza. Watu wengi huitumia methali hii kumcheka mpenzi asiyeona kasoro. Mimi naona kwamba ina hekima zaidi ya hiyo. Mwenye kupenda hakulipofukia jicho la mwenziwe. Ameliona vizuri kuliko wote, maana hulitazama kila siku. Ila katika maneno mawili yaliyokuwapo amechagua lile lisiloumiza. Mapenzi hayako katika kutokuona kasoro. Yako katika kuchagua neno. Na chuki vilevile iko katika kuchagua neno. Jina la Abu Turab ni ushahidi. Imesimuliwa kwamba miaka mingi baada ya siku ile ya msikitini, mahasimu wa Ali katika siasa walilitumia jina lilo hilo kumdunisha, kana kwamba vumbi lilikuwa aibu. Herufi hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni moyo wa mwenye kutamka.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba neno fulani ni lakabu njema na neno fulani ni lakabu mbaya, kama tunavyotenga mchele na pumba. Mtu mmoja huitwa Mrefu na kaka yake, akafurahi. Akaitwa Mrefu na mtu asiyemjua, akakasirika. Hana kigeugeu. Kaka yake amelipia jina hilo kwa miaka ya kula sahani moja, ya kugombana na kupatana, ya kuuguzana. Yule mgeni hakulipa kitu, naye ataka kuchukua bidhaa.

Nchi hii iliyajua vema majina ya kuchukuliwa bure. Katika siku za ukoloni, mtu mzima mwenye mke na watoto na ng'ombe kwao, aliyeitwa baba fulani kijijini, alipofika kuajiriwa katika nyumba ya mzungu aliitwa boi. Mwajiri hakutaka kujua kama mtu huyo alikuwa na mvi. Huenda mwajiri mwingine alilitamka neno hilo kwa sauti ya upole, hata akadhani kwamba anaonyesha wema. Lakini upole wa sauti haukuweza kuitengeneza maana. Neno lile lilimwambia mtu mzima kwamba hakukua na hatakua. Na ubaya wake mkubwa ulikuwa katika jambo hili: aliyeitwa hakuwa na nafasi ya kukataa. Akikataa, kazi imepotea.

Hapa, msomaji, tumekaribia jibu letu. Ishara ya jina la mapenzi ni kwamba mwenye kuitwa aweza kulikataa, na asipoteze kitu kwa kulikataa. Pasipo na uhuru wa kukataa, hatuwezi kujua kama kuna mapenzi. Kicheko cha mwenye kuitwa hakitoshi kuwa ushahidi, maana watu hucheka kwa sababu nyingi, na mojawapo ni woga.

Tuseme mwanafunzi mgeni amefika katika shule ya bweni. Jioni ya kwanza ana njaa ya safari, naye aomba aongezwe uji. Mmoja wa wakubwa amwita Sufuria. Meza nzima yacheka, na yeye acheka pamoja nao. Kesho yake bweni lote lamwita Sufuria. Baada ya mwezi mmoja, shule nzima. Huitika. Akiulizwa na mwalimu kama aona vibaya, husema ni mchezo tu wa marafiki. Yote yaonekana kuwa sawa. Kisha yaja siku ya wazazi. Mamake, aliyeuza kuku wawili ili apate nauli, ameketi naye chini ya mti, na mwenzake apita mbio akipaza sauti: "Sufuria! Leo umeletewa nini?" Mama auliza, "Ni nani huyo aitwaye Sufuria?" Mtoto atazama chini, asema, "Ni kijana mwingine."

Katika jibu hilo fupi mna hukumu kamili. Miezi yote aliyocheka, jina lile halikuwa lake. Alilivaa kama mtu avaavyo nguo aliyoazimwa kwa lazima, na alipomwona mtu aliyempenda kweli alitaka kuivua upesi. Basi kama wataka kujua kama jina umwitalo mwenzako ni la mapenzi, usimtazame wakati wa kucheka bwenini. Jiulize kama angeweza kumwambia mamake jina hilo bila ya kuinamisha macho, na akamweleza lilivyotokea. Jina linaloweza kupelekwa nyumbani ni zawadi. Jina ambalo lazima lifichwe mlangoni ni mzigo.

Watu wengine watanipinga. Watasema kwamba kijana apaswa kuwa mgumu, na kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hiyo ni ya kweli kwa mambo mengi. Lakini ng'ombe hunywa akaondoka. Halali kisimani pamoja na vyura kwa miaka minne, wala vyura hawampi jina akaitwa kwalo na ng'ombe wenziwe. Mtoto aitwaye kila siku kwa umaskini wake, au kwa kigugumizi chake, au kwa kabila lake, au kwa weusi wake, hasikii kelele za mbali. Aambiwa, tena na tena, na watu alao nao, kwamba yeye ndiye jambo hilo moja na si zaidi. Wazee walijua pia kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, na kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Dini nazo zimelitazama jambo hili kwa uzito. Katika Kurani, Sura ya Hujurati yakataza waziwazi watu kuitana kwa lakabu mbaya.

Wengine watapinga kwa njia nyingine. Watasema: Je, hatujaona watu walioitwa majina duni wakayapandisha cheo? Bi Kidude hakulitupa jina lake dogo. Alilichukua jukwaani katika nchi nyingi mpaka likawa kubwa. Ni kweli, na ni jambo la kusifiwa. Lakini sifa hiyo ni ya nani? Ni ya mwenye jina, aliyelitia maana mpya kwa kazi yake. Haimwendei kila mtu aitaye wenzake vitu vidogo. Mtu akikurushia jiwe nawe ukalitumia kujengea nyumba, hongera ni yako. Mrusha jiwe hawi fundi kwa sababu hiyo.

Tena tutazame kisa cha mwimbaji aliyemtangulia Bi Kidude. Karibu na mwaka 1880 alizaliwa katika kijiji cha Fumba, Unguja, mtoto wa kike katika nyumba ya watu maskini. Akaitwa Mtumwa. Hilo halikuwa jina la utani. Lilikuwa jina lake hasa, nalo lilimkumbusha kila aliyelisikia mahali ukoo wake ulipowekwa na dunia. Baadaye, sauti yake ilipomtoa kijijini ikamfikisha mjini, aliitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Ni Siti binti Saad aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928, nyimbo zake za Kiswahili zikanaswa katika sahani za santuri. Ndiye ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Angalia basi uwezo wa jina lililopewa kwa kuheshimu. Jina la kuzaliwa lilimfunga; jina la kupewa lilimfungua. Mwenye kumwita Siti hakumwongezea mali wala elimu. Alisema tu, kwa neno moja, jambo ambalo macho ya wengi yalikuwa hayajaliona. Hiyo ndiyo kazi bora ya lakabu, nayo iko katika uwezo wa kila mmoja wetu, hata asiye na shilingi.

Sasa nalijibu swali letu. Jina la mapenzi ni amana. Mtungaji ndiye mwenye sifa ya kulitunga, lakini mwenye kuitwa ndiye mwenye mali. Wajaluo wana desturi iitwayo pakruok, ambayo yalionyesha jambo hili kwa uzuri. Katika sherehe mtu humsimamisha mpiga nyatiti kwa fedha kidogo, kisha hujitaja kwa majina ya sifa, au humtaja rafiki yake, na watu hushangilia. Pale mtu hakai kungoja wengine waamue yeye ni nani. Hujisemea mbele ya wote, na rafiki humsaidia kusema. Jina hutolewa hadharani, uso kwa uso, na mwenyewe huwapo akisikiliza. Lau kila lakabu ingelitungwa hivyo, mwenye kuitwa akiwapo na akifurahi, dunia ingekuwa na machozi machache.

Lakini nisikudanganye kwamba kanuni hii yamaliza matata yote. Iko shida moja ambayo yatoka katika mapenzi yenyewe. Mama amemwita mwanawe Kadogo tangu alipokuwa wa mwisho nyumbani. Mwana amekua; amekuwa daktari, au mwalimu mkuu. Siku moja mama aja kazini kwake, na mbele ya wote walio chini yake amwita, "Kadogo!" Mwana afanyeje? Kwa kanuni yetu ana haki ya kukataa. Jina ni mali yake, naye si mdogo tena. Na ni kweli kwamba mapenzi mengine hayataki mpendwa akue. Humshonea nguo ya mtoto na kumlazimisha aivae uzeeni. Mzazi mwenye busara hulitambua hilo, akaliweka jina la nyumbani nyumbani, kama watu wawekavyo mkeka wa kulalia ndani wasiutandike barabarani.

Hata hivyo, namshauri mwana huyo aitike. Kuwa na haki si lazima kuitumia kila mara. Wale walio chini yake watamheshimu kwa kazi yake, wala hawatampunguzia heshima kwa sababu yuko mtu duniani aliyemwogesha. Baadaye, wakiwa wawili faraghani, aweza kumwambia mama kwa upole kile akipendacho. Mama apendaye atasikia. Haki na huruma si maadui. Mwenye akili hujua ni ipi itangulie katika saa fulani.

Nami nina sababu nyingine ya kumshauri hivyo. Jina lililoandikwa halifi upesi. Hubaki katika vitabu vya serikali, katika vyeti, na mwisho juu ya kaburi. Jina la mapenzi halina makao ila vinywa vya watu, na vinywa vya watu hufumbwa kimoja kimoja. Babu na bibi hutangulia, kisha baba na mama, kisha kaka na dada, kisha rafiki wa utotoni. Mtu akiishi sana, hufika siku ambayo hakuna hata mmoja aliyebaki wa kumwita kwa jina lile. Watu humwamkia kwa adabu. Humwita mzee, humwita bwana, humpa kiti. Lakini Dula hayuko tena, ijapokuwa mwenyewe angali hai, kwa kuwa hapana amwitaye. Nenda ukamwulize mzee yeyote jina aliloitwa na mamake, utaona jinsi uso wake ubadilikavyo kabla hajajibu.

Kwa hiyo, kijana, una deni la namna mbili. Deni la kwanza ni kwa wale wakuitao kwa mapenzi leo. Itika. Usione haya kwa jina lililokuingiza katika jamaa kabla hujajua kusoma. Na kama hujui lilivyotokea, waulize wanaojua wangali hai, maana visa hivi havikuandikwa mahali pengine. Deni la pili ni kwa wale uwaitao wewe. Kabla hujamtungia mwenzako jina, kumbuka kwamba wamwekea mkononi kitu ambacho huenda akawa nacho miaka hamsini. Kama ni kizuri, atakishukuru hata baada yako. Kama ni kibaya, nawe umekwisha kukitoa, usingoje mpaka aje kukulalamikia, kwa kuwa huenda asije kamwe. Wewe ndiwe uliyeanza. Basi uwe wa kwanza kuacha, na umwite mbele ya wote kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wengine watafuata, kama walivyofuata ulipoanza.